Fundi Asiyepinda Mshono

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi minane, na bado alikanyaga cherehani kutwa nzima. Wiki hiyo miguu ilimvimba mpaka viatu vikagoma kuingia. Kichwa kilimgonga. Kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda.

"Ni kukanyaga huko," mama mkwe alisema. "Na macho nayo yamechoka. Mwanangu, mnunulie mkeo miwani."

Mume akanunua miwani. Fundi akaivaa, bado akaona ukungu. Alianza kuogopa, lakini akanyamaza. Sare za shule zilikuwa zinasubiriwa, na nani anapenda kuitwa mdekaji?

Alasiri moja jirani yao, mkunga wa zahanati, alifuata gauni lake. Akaligeuza, akatazama mshono. Ulikuwa umekwenda upande, na fundi huyu hakuwa mtu wa kupinda mshono.

"Mdogo wangu, kichwa kinauma?"

"Siku ya tatu leo, dada."

"Unaona vizuri?"

"Naona vimulimuli."

Mkunga akambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Kazi tu hiyo," mama mkwe alisema.

"Si kazi, mama. Miguu huwavimba wajawazito wengi. Lakini kichwa kikiuma hivi, na macho yakaona ukungu, huenda presha imepanda. Anaweza kushikwa na kifafa cha mimba, tukampoteza yeye na mtoto. Hatusubiri kesho. Twende hospitali sasa hivi."

Mume alichanganyikiwa. Alifunga mlango kwa nje, akaufungua tena. Mkewe alikuwa bado ndani.

Kweli, walipompima hospitali, presha ilikuwa juu sana. Walimpa dawa ya kuishusha na sindano ya kuzuia kifafa, kisha wakampeleka kujifungua kwa upasuaji. Nje, watatu walikaa kwenye benchi, roho mkononi.

"Dada yangu alivimba hivi hivi," mama mkwe alisema taratibu. "Aliumwa kichwa, tukasema ni jembe. Tulimzika na mtoto tumboni."



Kabla ya magharibi mtoto akalia. Alikuwa mdogo, lakini mzima. Mama yake pia. Walimbakiza wodini wampime presha kila siku, maana hatari hiyo haiishi kwa kujifungua tu.

Siku hizi mjamzito akija kupimwa gauni, mama mkwe humuuliza kwanza habari za kichwa na macho.

"Ni uchovu tu, bibi," mmoja alimwambia juzi.

Bibi hakubishana naye. Alivaa viatu, akamshika mkono, wakatoka kwenda zahanati.