Mstari Mmoja Kwenye Faili la Mama

"Mpole, funga mlango kwanza."

Dokta aliliangalia faili mikononi mwangu. Mimi ni karani wa masjala ya hospitali, na kamati ya nidhamu ilikuwa imeniagiza nilipeleke. Lilikuwa faili la mama yangu.

"Huu mstari umeuandika lini?" nilimuuliza.

"Siku ileile."

"Siku ileile hukuandika kitu. Ulipiga soga na mimi kantini."

Siku ile tulikuwa tunachagua kadi za harusi yetu. Muuguzi akampigia kutoka wodini, naye akajibu mdomo umejaa chakula: "Kitanda cha nne? Mpe insulini uniti ishirini. Nitakuja kuandika." Ndiyo kawaida yake, kuagiza kwa simu na kuandika akipata nafasi. Ishirini zilikuwa za mgonjwa wa kitanda cha tano. Wa nne alikuwa mama, na zake zilikuwa sita tu. Sukari ikamshuka mno; siku mbili nzima mama hakunijua.

Sasa faili lilisema: uniti sita, saa saba mchana. Na sahihi yake.

"Leo wanamfukuza Mama Pacha," nilisema. Ndiye muuguzi aliyemchoma mama ile sindano.

"Atapata kazi kwingine. Mimi leseni ikienda, tutakula hizo kadi?"

"Ana watoto wawili."

"Na sisi tutapata wetu! Mpenzi, mama mzima, anakunywa supu, jana kaniita mkwe mvivu. Unataka nini tena?"

Nilitamani kumkumbatia. Nilitamani pia kumpiga na lile faili.

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa Mama Pacha: "Mdogo wangu, najua ulikuwa naye akiongea na mimi. Hukusikia kitu? Wameniita ndani."

Dokta akausoma juu ya bega langu.

"Mjibu hukusikia."

Sikugusa simu.

"Mpole, unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda. Twende ukaseme mwenyewe. Nitasimama karibu yako."

Akatazama saa yake ya mkononi.

"Nina wagonjwa wananisubiri."

Nikaenda peke yangu.

"Binti, ongeza sauti," mwenyekiti wa kamati alisema.

"Alisema ishirini. Nilikuwa nimekaa naye meza moja. Na jioni ile nilifungua faili nikiwa kitandani kwa mama. Huu mstari haukuwepo."

Mama Pacha akajifunika uso kwa kofia yake ya kazi, akalia.

Jioni nilimkuta mama ameketi, mito miwili mgongoni.

"Pete iko wapi?"

"Nimemrudishia."

"Kwa sababu yangu? Mwanangu, binadamu hukosea. Mimi nilishamsamehe."

"Ile sindano hata mimi nimemsamehe, mama."

"Sasa nini?"

"Ule mstari. Aliuandika akiwa ametulia."

Mama alikichukua kidole changu kitupu, akakisugua taratibu, kama mtu anayesugua mahali palipochomwa sindano.