Ufunguo wa Akiba

Ufunguo ulikatikia ndani ya kitasa saa kumi na robo jioni, na hapo ndipo dada wa watu alipochanganyikiwa. Alikuwa amesimama kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, jengo la ofisi limefurika watu wanaopanda na kushuka, gauni lake la njano limelowa jasho mgongoni, kiatu kimoja mguuni na kingine amekishika kama nyundo. Kompyuta yake ilikuwa ndani. Na mwandishi wa habari aliyekuwa akisubiri majibu yake alikuwa amesema mwisho ni saa kumi na nusu.

"Jamani, hakuna fundi humu?"

Fundi alikuwepo. Alikuwa na kibanda cha kuchonga funguo chini ya ngazi, na alipanda kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa chochote na dunia: ovaroli ya buluu yenye mifuko saba, vumbi la shaba kwenye nyusi.

"Dakika kumi tu, fundi, nakuomba. Nikichelewa nimekwisha."

"Hizo dakika kumi umeshazimaliza kwa kelele," alisema. Akachuchumaa mbele ya kitasa, kisha akawatazama watu waliokuwa wamejazana. "Geukeni, jamani. Tazameni kule."

"Kwani ni siri?"

"Ni mlango wa mtu."

Watu wakageuka. Hata yeye mwenye mlango akajikuta amegeuka. Ukasikika mlio mdogo ndani ya chuma, na mlango ukafunguka.

Kesho yake asubuhi fundi alirudi na kitasa kipya na funguo mbili. Yule dada akachukua mmoja, wa pili akamrudishia.

"Huu wa akiba kaa nao wewe. Mimi nitaupoteza."

"Unanijua tangu lini?"

"Tangu jana. Inatosha."

Fundi akaucheka ule ujasiri, akautia ufunguo mfuko wa kifuani, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita Dakika Kumi.

Sasa kazi ya huyu Dakika Kumi haikuwa rahisi kueleza, hata dada yake aliyemlea alikuwa bado anawaambia watu kwamba mdogo wake anachapa barua. Ilikuwa hivi. Waandishi wa habari kila siku hutangaza mtandaoni: natafuta daktari wa meno, natafuta fundi bomba, anieleze jambo fulani. Yeye huwahi kuwajibu kwa niaba ya wateja wake, mistari minne mitano iliyonyooka. Mwandishi akipendezwa, humnukuu mteja gazetini na kuweka linki ya tovuti yake. Linki moja ya gazeti kubwa ilitosha kumtoa mtu gizani, maana mitambo ya kutafuta mtandaoni humwamini anayeaminiwa na wakubwa. Lakini katika barua ishirini, kumi na tisa hazijibiwi. Maisha yake yalikuwa ya kufungua simu na kuikuta kimya.

"Umekula?" fundi alikuwa anapiga kila mchana, ingawa walitenganishwa na ngazi moja tu.

"Nasubiri barua."

"Barua haina mikono, haiwezi kukupokonya sahani. Shuka, mpenzi."

Alikuwa anashuka. Walikula kwenye kibanda, katikati ya funguo za akiba za watu zilizoning'inia ukutani, kila moja na kikaratasi chake. Mtaa mzima uliacha funguo pale. Miezi minne ikapita hivyo, na Dakika Kumi akapenda mpaka akaogopa. Akataka kumpa zawadi ambayo hakuna mwingine angeweza kumpa. Akamtengenezea tovuti, akaanza kuiwinda linki.

Ikaja Jumanne moja. Mwandishi wa gazeti kubwa, mama mmoja mkali ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kumjibu, alitangaza: natafuta fundi wa vitasa, milango ya nyumbani ni salama kiasi gani, mwisho saa sita mchana. Saa ilikuwa tano na nusu. Dakika Kumi akampigia fundi mara tano. Simu iliita juu ya meza ya kibanda. Mwenyewe alikuwa mtaa wa tatu, amelala chini akitengeneza mlango wa chuma. Basi akaandika mwenyewe. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa maneno aliyoyasikia kwake mara nyingi. Akaisoma, akaiona imepoa. Waandishi wanapenda namba. Akaongeza mstari wa nne: *Vitasa vingi vya kawaida mimi navifungua chini ya dakika moja.*

Akatuma. Mchana ule ule habari ikatoka, na linki ya tovuti ya fundi ikimeremeta. Alishuka ngazi mbili mbili akipiga vigelegele.

Fundi alikuwa ameishika simu kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

"Nani kasema haya?"

"Wewe! Yaani, mimi kwa niaba yako. Nilikupigia, hukupokea, muda ukawa unaisha. Lakini mpenzi, ni gazeti kubwa! Na si ni kweli? Mlango wangu ulichukua sekunde ngapi?"

"Ni kweli. Ndiyo maana haisemwi." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha zaidi. "Miaka kumi na minne nawaambia watu wageuke. Leo nimesimama gazetini nawaambia wezi milango ya majirani zangu ni karatasi."

"Nitaurekebisha."

"Mama mwenye duka la dawa ameshakuja kuchukua ufunguo wake. Amenitazama, Dakika. Amenitazama mikono."

Hadi Ijumaa walikuwa wamekuja kumi na mmoja, na misumari ukutani ikabaki mitupu. Dakika Kumi akawa anapitia ngazi za nyuma. Akimpigia, simu inaita mpaka inakata. Akimtumia ujumbe, unasomwa, na kimya.

"Utamwandikia nini huyo mwandishi?" dada yake alifoka kwenye simu aliposikia anataka kukiri. "Kwamba ulitunga? Hatakuamini tena maisha yako yote! Na wenzake watajua!"

"Najua, dada."

"Basi tulia. Habari za magazeti watu husahau."

"Waliochukua funguo zao hawatasahau."

Hakuandika. Alipiga, maana aliogopa kwamba akiandika ataanza kupamba tena. Alimweleza yule mama kwamba mstari wa nne ni wake, fundi hakuusema, na asingeusema kamwe.

"Nampigia yeye kuhakikisha," mama yule akasema. "Kisha nautoa mstari, naitoa linki, na chini nitaandika kwamba tulikosea. Na wewe, binti, usiniandikie tena."

Ikawa hivyo. Linki ikafutika kabla ya jua kuzama. Alichobakiwa nacho Dakika Kumi ni hofu moja tu, na ilikuwa na umbo: ule ufunguo. Fundi akiurudisha, basi yameisha. Kila hatua iliyopanda ngazi, aliacha kuandika akasikiliza. Kila mlango ulipogongwa alijifuta macho kwanza. Alikuja mleta maji, akaja mteja wa meno bandia, akaja mtu aliyepotea ofisi. Fundi hakuja. Wiki moja, mbili, tatu.

"Badilisha kitasa, yaishe," dada yake alisema.

"Nikibadilisha atarudi na nini?"



Asubuhi ya wiki ya nne alifungua gazeti lile kwa mazoea ya kujiumiza tu. Yule mama alikuwa ameandika habari kuhusu wapenzi wanaogombana, na swali lilikuwa mtu abadilishe kitasa lini. Katikati alikuwepo fundi, mwenye kibanda chini ya ngazi. Dakika Kumi alisoma akiwa amesimama:

*"Wengi huniita siku ya pili, bado wana hasira. Nawaambia wasubiri mwezi. Kama mtu ni hatari, nabadilisha saa hiyo hiyo. Lakini kama alikosea, akaenda kukiri mahali ambapo kukiri kulimgharimu, sioni haja ya kitasa kipya. Mimi mwenyewe ninao ufunguo wa mtu mfukoni. Nimeshindwa kuurudisha. Naomba Mungu mwenye mlango asiwe amebadilisha kitasa."*

Chini ya maneno hayo palikuwa na linki. Akaibonyeza, akitarajia tovuti ya fundi. Ikafunguka yake mwenyewe. Jina la ofisi yake, picha yake, gauni lile la njano.

Alishuka kwa ngazi za mbele. Kibandani palikuwa na foleni ya watu sita, mama mwenye duka la dawa akiwa wa kwanza, ufunguo wake mkononi, anaurudisha msumarini. Fundi aliinua macho, akazima mashine.

"Umeandika mwenyewe?"

"Mistari sita, imenichukua saa tatu nzima. Sijui mnaishije na kazi ile."

"Na linki ukanipa mimi."

"Mwandishi aliniuliza tuweke ya nani. Nikamwambia ya yule aliyempigia kukiri. Akacheka, akasema na yeye alitaka hivyo."

"Ufunguo wangu uko wapi?"

Rangi ikamtoka fundi. Akauchomoa polepole kutoka mfuko wa kifuani, akauweka mezani bila kumtazama. Dakika Kumi akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa ufunguo mwingine, mrefu, wa kizamani, akaulaza pembeni ya ule.

"Huu ni wa nyumbani. Nichongee wa pili."

"Wa nani?"

"Wako, fundi. Usinizungushe, nimeshatetemeka mwezi mzima."

Fundi aliushika, akaupima uzito kiganjani. "Huu siuchongi," alisema, "mpaka nimekwenda kwa dada yako na wazee wenu nikajitambulisha. Jumapili."

"Kwa nini si Jumamosi?"

Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne. Kisha akaitazama ile foleni iliyokuwa imetoa macho yote.

"Geukeni, jamani. Tazameni kule."

Wakageuka wote sita, na mama mwenye duka la dawa ndiye aliyegeuka wa kwanza.