Kijiti cha Mwisho katika Jina la Hermelinda

Mwanga wa jioni ulikuwa umesalia juu ya kilele cha mlima Misti pekee nilipoingia makaburini kupiga picha ya herufi moja iliyonipungukia. Kwa miaka miwili nilikuwa nikikusanya maandishi ya Eudocio Ccama, fundi ambaye katika miaka ya hamsini aliandika kwa brashi majina ya marehemu wa mji wetu wa Arequipa, juu ya chokaa inayoziba matundu ya kuta za makaburi, ambamo majeneza huingizwa. Nilikusudia kuzifufua herufi zake ndani ya kompyuta, ili mkono ule usipotee duniani. Nia ilikuwa njema. Lakini si kila kilicholala huomba kuamshwa.

Jambo moja lilinikera. Katika kila jina, mstari wa mwisho wa herufi ya mwisho ulipinda, kana kwamba umechorwa na mtoto.

"Unaguna nini, bwana mkubwa?"

Mzee mwenye kopo la rangi nyeusi alisimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia hatua zake. Alinuka tapentaini.

"Fundi aliharibu mwisho," nikasema.

Akacheka polepole. "Msomi mzima, hujui? Mstari wa mwisho si wa fundi. Ni wa ndugu wa marehemu. Anapewa brashi, anamalizia. Hapo ndipo mtu kaagwa."

"Na ndugu akikataa?"

"Fundi anangoja."

Nyumbani, kwenye kompyuta, niliinyoosha mistari ile yote, nikajiona nimesahihisha. Kisha nikafuata desturi yetu wachora herufi: neno la kwanza la kujaribia huwa jina la umpendaye. Nikaandika jina la mke wangu, HERMELINDA, nikalichapa.

Karatasi ikatoka... A ya mwisho haikuwa na kijiti cha katikati.

Nikachapa tena. Vilevile. Nikachapa majina ya mitaa, yakatoka kamili.

Harufu ya tapentaini ikajaa chumbani.

"Abelardo," mke wangu akaita kutoka chumba cha pili, "nani kafungua dirisha? Baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa." Akaanza kukohoa.

Ngo... ngo... mlango ukagongwa.

Nilipofungua mlango, alikuwa yule mzee. "Kazi yangu nimemaliza, don Abelardo," akanong'ona. "Imebaki yako."

Akaninyooshea brashi, mpini mbele. Rangi ilikuwa ikidondoka.

Nikamfungia mlango, nikatia komeo, nikapiga magoti kusali.

Niliichoma karatasi, nikafuta kila herufi katika kompyuta. Kesho yake nikakimbilia makaburini. Juu ya tundu tupu, katika chokaa mbichi, jina la Hermelinda lilikuwapo, likingoja kijiti kimoja. Nililikwangua hadi kucha zikatoka damu. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limerudi.

Siku tisa Hermelinda alikohoa, na daktari hakuona kitu. Siku tisa, kila machweo, mzee aliketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara, kopo kati ya miguu yake. Nilielewa: nisipoishika brashi ile, mke wangu hafi. Nami nilikuwa tayari kutoishika hadi kiyama.

Siku ya kumi, benchi lilikuwa tupu. Nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Jioni hiyo binti yetu Rosaura alifika kwa basi kutoka Puno. Kwa aibu, nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba mama yake ana mafua tu.

"Baba, umekonda kama mshumaa wa Kwaresima! Mama hakupikii? Nimewaletea jibini."

Nikaishika mikono yake. Kidole gumba kilikuwa cheusi.

"Hii nini, mwanangu?"

"Ah, rangi tu. Nimepitia makaburini kumsalimu bibi. Kuna kizee pale, mkono unamtetemeka, masikini. Kaniomba nimchoree kijiti kimoja."

"Katika jina la nani?"

"Sijui, baba. Alikuwa kafunika maandishi mengine kwa gazeti, eti rangi isichafuke." Akatabasamu. "Kanishukuru mpaka nikaona haya. Mama kalala?"

Nyumba ilikuwa kimya.

Sikuweza kukumbuka kikohozi kilikoma saa ngapi.