Fuso Lililotoka Tupu

Siku Sabiri alipolileta lori lake la Fuso nyumbani Itetemia, kuku hawakuingia uvunguni mwake. Kuku wa shangazi yake Amne, wale wanaokimbilia kila penye kivuli, walilizunguka kwa mbali, wakalala juani wakihema.

"Kwa nini hili?" Amne aliuliza. "Si ulionyeshwa na lile jeupe, jipya zaidi, la kubebea tumbaku?"

"Hili kiti chake cha abiria kipana, shangazi."

Amne akakitazama kile kiti. Miaka yote Sabiri alipokuwa akiendesha magari ya watu, mkewe Zamda alimwambia, "Siku ukipata la kwako mimi nakaa pale mbele, na mtu asinishushe." Zamda alifariki kabla siku hiyo haijafika.

"Haya, utabeba nini?"

"Mpunga wa kule Choma. Tumbaku ina msimu wake, ng'ombe wanakufa njiani. Ubwabwa watu wanakula kila siku."

"Basi usitoke tupu. Weka hata gunia la pumba. Bibi yangu alituambia, njia hii wapagazi walikufa na mizigo mabegani. Gari geni likipita tupu, wanaona wamepata pa kutua."

"Shangazi nawe! Ninunue dizeli ya kuzitembeza pumba?"

Akaondoka tupu.

Alipoipita Isikizya, jua limesimama wima, Fuso likaanza kuguna kama limebeba mawe. Akapunguza gia, likazidi kuguna. Ikaja harufu ya jasho la watu wengi na mafuta ya nyonyo, na kule nyuma, kwenye bodi aliloliosha kwa mikono yake mwenyewe, kitu kizito kikatuliwa, puu, ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, kisha kingine, puu, na pumzi nyingine, na nyingine, mpaka usukani ukawa mwepesi mikononi kana kwamba magurudumu ya mbele yanataka kuiacha lami.

Akasimama, akachungulia. Bodi tupu. Springi zimelala.

Kwenye mizani ya barabarani, karani aitwaye Marcelina akatoa kichwa dirishani.

"Baba, umezidisha uzito. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, dada. Njoo uangalie."

Akapanda, akaangalia, akashuka mbio. "Geuza gari, baba," alinong'ona. "Rudi ulikotoka. Na huyo mama hapo mbele, mpe maji. Midomo imemkauka."

Sabiri akageuka. Kiti hakikuwa na mtu, ila kilikuwa kimebonyea.

Aliporudi nyumbani, Amne alimpokea na chetezo cha ubani, kwani kazi ya kuaga mizimu aliirithi kwa mama yake. "Uliwapakia wewe, uwashushe wewe."

Sabiri akafungua bodi kwa nyuma. "Shukeni, jamani. Mmefika."

Springi zikalia, Fuso likainuka taratibu, na vumbi la uani likajaa nyayo zisizo na wenyewe, zikielekea porini. Lakini upande wa abiria ukabaki umelala.

"Na wa mbele," Amne alisema.

"Huyo mwache, shangazi."

"Sabiri, mwanangu. Zamda nilimwosha kwa mikono hii. Huyo siye."

"Ndani kwangu hakuna wa kuniuliza kama nimekula."

Akapanda, akafunga mlango. Fuso likatoka limeinama upande mmoja. Amne akamsikia Sabiri akisema neno, kisha akicheka, kicheko ambacho hakikusikika tangu msiba.

Mwenzake naye akacheka. Amne alikijua kicheko cha Zamda. Hiki kilikuwa kizito, cha watu wengi.