Mke Wangu Alinikimbia, Nikamkuta Kwa Mahippie

Nilimkuta peku!

Ameketi kwenye nyasi, kichwa chake kimelala begani kwa mzungu mwenye ndevu za kufika kifuani. Nyuma yao basi kuukuu lililochorwa maua. Mchana kweupe, Jumamosi!

Mimi Nyaga, mume wa ndoa ya kanisani, nikapiga kelele.

"Jerioth!!"

Hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma kwanza.

"Umefika," akasema tu.

Aliyenitonya ni Elphas, dereva wa lori ninayesali naye kanisani. Alimwona akiuza mayai kando ya barabara, mashariki ya mji wa Mesquite, huku Texas. "Ndugu yangu, bibi yako yuko na mahippie!" Nikaendesha gari saa nzima, naomba na kutukana kwa zamu.

Kama hamwajui, hawa ni wazungu waliokataa vita vya Vietnam ujanani, wakawakimbia wazazi wao wenye mali, wakaishi pamoja shambani. Hakuna bosi, hakuna saa ukutani, chungu ni kimoja. Sasa wamezeeka, wamebaki saba. Magoti yamekwisha lakini nywele bado ndefu.

"Umeniacha kwa sababu ya huyu babu?"

"Wendell ana miaka themanini, Nyaga! Mke wake nilimuuguza hospitali. Alipokufa wakanikaribisha kula. Nikarudi tena, na tena..."

"Na unatoka kwangu bila kusema?!"

Akaniangalia.

"Nilitoka lini?"

"Si... Jumatano?"

"Ulijuaje ni Jumatano?"

Wadau, ni friza iliyoniambia. Siku hiyo nilifungua friza nikakuta mikebe ya chakula imeisha.

Walio majuu wananielewa. Siku ya off mama anapika githeri, ndengu na kuku, anapakia kwenye mikebe, anagandisha. Jerioth ni nesi wa usiku. Mimi ghala mchana, wikendi ghala lingine. Nikiingia yeye ameshatoka, akirudi mimi sipo. Napasha mkebe mmoja, nalala. Tunasalimiana kwa meseji. "Uko poa?" "Poa."

"Nilikuachia mikebe kumi na tisa," akasema polepole. "Nilitaka nione kama utanitafuta kabla haijaisha."

Kumi na tisa!!

Siku kumi na tisa nimelala kwenye kitanda cha mtu mmoja, nadhani nimeoa.

"Sikufuata mwanamume hapa," akasema. "Hawa wazee wakiniona nimenyamaza wananiuliza kwa nini. Ni hilo tu, Nyaga. Hilo tu!"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Yule mzee akajikokota akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umekula, kijana?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Texas. "Kuna maharagwe. Kaa."

Tangu nije Marekani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jerioth naye akasogea, akanipa nafasi kando yake.

"Kaa tule. Saa moja tu. Tukimaliza, nita-pack tuende home."

Mmesikia? Alikuwa anarudi! Mke wangu alikuwa anarudi!

Nikaangalia simu. Shifti yangu ilikuwa inaanza saa kumi.

"Nita-late, mpenzi," nikasema. "Wacha nikimbie, nikuchukue Jumatatu."

Hakulia. Alimshika Wendell mkono, wakaenda taratibu mezani kwa wale wengine, wakakaa.

Nilifika kazini dakika tano mapema. Supavaisa akanipongeza!

Jumatatu nilirudi na shada la maua. Alitoka mpaka getini, akanisalimia vizuri sana, kama unavyomsalimia jirani. Gari langu hakuliingia.

Hiyo ilikuwa 2018. Mnaosema mahippie waliniibia mke, nyamazeni kidogo. Mke nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niende kupanga maboksi.

Kama kuna mtu chumba cha pili hapo ulipo, acha kunisoma, nenda ukakae naye. Mimi nipo, niandikieni hata salamu. Leo ni off yangu, na sijaongea na mtu tangu asubuhi.