Uzi wa Tangi la Baba

Kila asubuhi, mama akishatoka kwenda kazini, Chubwi kabla ya kuvaa sare ya shule aliingia chumbani kwa baba yake, akafungua pazia, akamwekea maji ya kunawa, kisha akawasha taa ya tangi la samaki. Jina la Chubwi alipewa kwa utani tangu akiwa mdogo, kwa kupenda kutumbukiza vitu majini. Baba yake alikuwa fundi wa mapaa. Tangu alipoanguka kutoka juu ya paa la watu, miguu ilimkatalia, na dunia yake ikabaki kitanda, dirisha na lile tangi kando yake.

Ndani ya tangi aliishi samaki mmoja tu, wa jamii ya sato lakini wa mapambo, mpana kama sahani, mwenye madoa ya buluu. Walimwita Bwana Madoa. Baba akinyoosha mkono juu ya maji, Madoa hupanda na kudonoa chakula vidoleni mwake.

"Kitendawili!" baba alisema kila siku.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango, na mwenye nyumba analala macho wazi."

"Bwana Madoa!" Chubwi alijibu, ingawa jibu alilijua zamani. Baba akacheka. Siku nzima, hicho ndicho kilichokuwa kicheko pekee nyumbani mle.

Siku moja binamu yake alikuja kuwatembelea. Akachungulia tangi, akabinua midomo. "Samaki mmoja? Mnamfuga au mnasubiri aive?"

Maneno yale yalimuudhi Chubwi. Akambembeleza baba amruhusu kumtafutia Madoa mwenzake. Baba akafikiri sana. "Haya, mwanangu. Lakini chagua wa aina inayobaki ndogo. Na usisahau uzi."

Habari ya uzi ilijulikana mtaa mzima. Mama Vioo, muuza samaki wa mapambo, hakumuuzia mtu samaki bila kuletewa uzi uliokatwa sawasawa na urefu wa tangi. "Hapa hatumpimi samaki alivyo leo," alizoea kusema, "tunampima atakavyokuwa."

Chubwi alipima tangi, akakata uzi, akautia mfukoni. Lakini alipofika dukani aliwaona: samaki wawili wadogo, wekundu kama pilipili, wenye kinundu kwenye paji la uso. Moyo ukamruka.

"Nataka hao, Mama Vioo!"

"Hao ni wadogo kwa sasa tu, mwanangu. Wakikomaa, kila mmoja ni kama mkono wangu huu, toka kiwiko hadi vidole. Tena ni wagomvi, kila mmoja anataka kona yake. Uzi wako uko wapi?"

Chubwi aliukunja uzi mfukoni. Alijua hautatosha. "Nimeusahau nyumbani."

Akarudi mbio. Baba alikuwa amelala. Chubwi akakata uzi mwingine, na safari hii hakupima tangi. Alipima kitanda cha baba, kutoka kichwani hadi miguuni.

Dukani, Mama Vioo alilaza mkono wake juu ya uzi ule, akausogeza, akaulaza tena, akaridhika. "Kumbe mna tangi kubwa hivyo! Wapangieni mawe, wasitazamane ovyo."

"Mama Vioo amesema wanafaa," Chubwi alimwambia baba. Baba akaamini.

Miezi ikapita, wekundu wakanenepa. Walianza kwa kumsukuma Madoa, kisha wakamfukuza kila kona. Asubuhi moja Chubwi aliwasha taa, akakuta maji yamechafuka, magamba yametapakaa juu ya mchanga. Madoa alikuwa amejibana nyuma ya pampu ya hewa, mapezi yamechanika, jicho moja limetoka. Baba alinyoosha mkono. Wakapanda wekundu. Madoa hakuja. Baba akarudisha mkono chini ya shuka, na hakutega kitendawili.

Kutwa nzima hakula. Jioni ndipo aliponong'ona, "Mama Vioo ametutapeli. Mama yako akitoka kazini, nitamwambia aende akamseme mbele ya wateja wake."

Chubwi akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, Mama Vioo hana kosa. Nilimpelekea uzi wa uongo. Nilipima kitanda chako."

Baba alimtazama mpaka Chubwi akainamisha kichwa. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mpelekee uzi wa kweli," akasema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Mama Vioo alisikiliza, akautazama uzi mfupi, akafunga duka. Alikuja nyumbani kwao na wavu na ndoo yenye kifuniko, akawatoa wekundu wawili. "Hawa wataishi kwenye bwawa langu kubwa la uani," alisema. "Ugomvi ni silika yao. Nyumba ndiyo iliyokuwa finyu."

"Nimekuteta bure, dada yangu," baba alisema. "Unisamehe."

"Yamekwisha, kaka. Ila lile jicho halitarudi."

Kuanzia hapo, kila akitoka shule Chubwi alipunguza maji machafu na kuongeza masafi, polepole, kama alivyoelekezwa. Mapezi yakaanza kuota. Hata hivyo Madoa alibaki nyuma ya pampu, na baba hakutega kitendawili. Mpaka asubuhi moja baba aliponyoosha tena mkono. Madoa akatoka, akaja nusu ya njia, akasimama. Hakufika.

"Kitendawili," baba alisema kwa sauti ndogo.

"Tega."

"Kila ukikirefusha, nyumba inapungua."

Chubwi aliutazama ule uzi mrefu, aliokuwa ameutundika mwenyewe msumarini ili asisahau. "Uzi wangu, baba."

"Uzi wako wa uongo, mwanangu. Uliurefusha wewe, akabanwa mwingine asiyejua lolote. Siku nyingine ukitamani kitu na hakitoshi, sema hakitoshi. Utalia siku moja tu, yaishe."

Mkono wake ulianza kushuka kuelekea majini. Chubwi akautegemeza kwa mikono yake miwili usichoke, nao wakaendelea kumsubiri Madoa.