Marisela Apotosha Maneno ya Mama

Kila siku baada ya shule, Marisela alipitia kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, huko Nebraska, akamsubiri mama yake, Rosaura, atoke zamu. Ijumaa ile ya Septemba aliitwa ndani. Wafanyakazi wanaotoka nchi zinazozungumza Kihispania walikuwa wakiadhimishiwa utamaduni wao kwa muziki na chakula.

Msimamizi, Bwana Halvorsen, alikuwa amevaa kofia ya Kimeksiko pana kama ungo na kubandika masharubu ya plastiki. Bi Brenda wa ofisini alimvika Marisela kofia kama hiyo bila kumuuliza.

"Mama, sisi ni watu wa El Salvador," Marisela alinong'ona, akiivua. "Kofia hizi zinatuhusu nini?"

"Hebu nipokee sahani, mwanangu."

Mama alikuwa ameamka alfajiri kupika pupusa, mikate ya mahindi yenye maharage na jibini ndani. Bwana Halvorsen alijipakulia tatu. "Piza zenu za Kimeksiko tamu kweli!" akasema, na mama akatabasamu.

Marisela alibetua midomo. Huyu ndiye aliyebandika ukutani karatasi inayokataza Kihispania kazini! Leo anajitia mwenzao kwa masharubu ya dukani. "Na mama naye anamchekea," aliwaza. "Mwoga mkubwa!"

Bi Brenda akapiga makofi. "Rosaura atasema machache, na bintiye atatutafsiria!"

Mama alifuta mikono, akasimama mbele ya watu wote. Alisema kwa Kihispania, taratibu, "Asanteni kwa sherehe. Lakini lugha mnayoipigia muziki leo, kazini mmeikataza. Wiki iliyopita mkono wangu ulikaribia kunaswa na mashine ya kupigia pasi. Mwenzangu Hortensia akapiga kelele kwa Kihispania, 'Toa mkono!' Aliniokoa, naye akapewa barua ya onyo. Tunaomba barua hiyo ifutwe, na tuachwe tuzungumze."

Marisela aliwatazama watu. Simu zilikuwa zimeinuliwa kumpiga picha. Je, mama akifukuzwa kazi?

"Mama anasema... anashukuru sana," alisema kwa Kiingereza. "Anasema hapa ni kama nyumbani."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hortensia, mwanamke mnene aliyekaa mstari wa mbele, hakupiga. "We mtoto!" alisema. "Hayo ndiyo aliyosema mama yako?"

Mama alimgeukia Marisela. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini makofi aliyaelewa. "Wamefurahi mno. Umewaambia nini?"

Marisela aliinamisha kichwa. Alimwambia. Mama hakumgombeza. Alibaki amesimama palepale, akingoja, na kungoja kule kulimchoma Marisela kuliko kofi.

"Samahanini," Marisela alipaza sauti. "Nimewadanganya. Mama hakusema hivyo."

Akayasema yote upya, neno kwa neno. Muziki ulizimwa. Bwana Halvorsen alibandua masharubu yake.

"Ile ni kanuni ya usalama," alisema.

"Usalama wa nani?" Hortensia alimuuliza.

Mama aliinua mkono wake, akatandaza vidole vyote vitano. Wafanyakazi wengine wakasimama mmoja mmoja. Bwana Halvorsen aliwatazama, uso ukawa mwekundu.

Jumatatu barua ya Hortensia ilifutwa, na ile karatasi ikaondolewa ukutani. Bwana Halvorsen hakuomba radhi. Aliibandua tu akiwa amewapa mgongo, kana kwamba imepeperushwa pale na upepo.

Jioni ile Marisela na mama walirudi nyumbani kwa miguu.

"Mama, nilikudharau," Marisela alisema. "Nilidhani unawaogopa."

"Niliona ulivyokuwa ukinibetulia midomo," mama alijibu. "Nami niliogopa, usidhani. Sikiliza, mwanangu. Kumdharau mtu kimoyomoyo hakumgharimu yeyote kitu, wala hakubadilishi kitu. Kusema kweli mbele yake ndiyo kazi. Na mtu akikukabidhi maneno yake, yafikishe kama yalivyo, hata kama unatetemeka. Ijumaa ulinidanganyia watu, kisha ukarekebisha mwenyewe, mbele ya walewale. Hapo ndipo nilipojua nimezaa mtu."